Wanajeshi Wakimchukua Mtu Wenu: Mwongozo kwa Familia za Vijijini

Machi 2008 jeshi la Kenya lilipanda Mlima Elgon katika oparesheni iliyopewa jina la Okoa Maisha, na mwanzoni wengi walishukuru. Kwa miaka kadhaa wakazi walikuwa wameteswa na Sabaot Land Defence Force, kundi lenye silaha lililozaliwa na ugomvi wa mashamba ya Chepyuk. Kwa makadirio ya Human Rights Watch, kundi hilo liliua watu wapatao 600. Lilitoza watu kodi kwa nguvu na kuwakata masikio walioonekana wasaliti.

Kisha wanajeshi wakaanza kukusanya wanaume na wavulana majumbani na sokoni, mwenye hatia na asiye na hatia kwa pamoja. Waliwapeleka kambini, na kambi ya Kapkota ndiyo iliyotajwa zaidi. Walioachiliwa walieleza kupigwa na kupitishwa mbele ya watoa habari waliowanyooshea kidole. Wengi walifikishwa mahakamani Bungoma. Wengine hawajaonekana hadi leo: mwaka 2011 Human Rights Watch ilisema zaidi ya watu 300 walikuwa hawajulikani walipo, baadhi wakiwa wamechukuliwa na kundi hilo na baadhi na vyombo vya usalama. Jeshi lilikana tuhuma hizo.

Mwaka 2010 shirika la Independent Medico-Legal Unit, kwa kifupi IMLU, lilipeleka madai ya Mlima Elgon katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Tarehe 15 Machi 2012 kitengo cha rufaa kiliyatupa. Majaji hawakusema kwamba watu hawakuteswa. Walisema kesi ilichelewa, kwa kuwa mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unatoa miezi 2 tu ya kulalamika.

Miezi michache baadaye, Oktoba 2012, mahakama jijini London iliwaruhusu wazee wa Mau Mau kuishtaki Uingereza kwa mateso ya miaka ya 1950. Zaidi ya nusu karne ilikuwa imepita, lakini jaji aliona kesi inaweza kusikilizwa kwa haki kwa sababu nyaraka zilikuwepo kwa wingi. Juni 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228. Nyingi za nyaraka hizo ziliandikwa na serikali ya kikoloni yenyewe na kufichwa kwa miaka mingi.

Wewe usimsubiri mtesi akuandikie ushahidi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ikiwa hivyo ndivyo kwa mali, kwa mwanadamu ni zaidi. Mwongozo huu unaeleza cha kuandika, pa kwenda na muda ulio nao. Sheria zinazotajwa ni za Kenya. Ukiwa nchi nyingine vifungu vitatofautiana, lakini namna ya kukusanya ushahidi ni ileile.

Jua sheria inasema nini

Huhitaji kuwa wakili. Shika mambo matano tu.

Kwanza, Kifungu cha 25 cha Katiba ya 2010 kinasema haki ya kutoteswa haiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote. Haijalishi kuna vita, ugaidi au wizi wa mifugo. Haki hiyo ni ya raia mwema na ni ya muuaji pia.

Pili, Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwasiliana na wakili, asilazimishwe kukiri, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa, mwisho ni siku inayofuata ya kazi ya mahakama.

Tatu, Kifungu cha 241 kinalitaka jeshi lipate idhini ya Bunge la Taifa linapotumwa kurejesha amani ndani ya nchi, kama ilivyofanyika Februari 2023 kwa ajili ya Bonde la Ufa kaskazini. Idhini hiyo haigeuzi kambi ya jeshi kuwa mahabusu ya raia. Aliyekamatwa anapaswa kukabidhiwa polisi na kupelekwa mbele ya hakimu.

Nne, Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017 inaweka kifungo cha hadi miaka 25 kwa mtesaji, na kifungo cha maisha ikiwa aliyeteswa amekufa. Chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Mateso, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1997, mwanajeshi hawezi kujitetea kwamba aliamriwa na mkubwa wake.

Tano, ungamo lililotolewa kwa kipigo halifai kuwa ushahidi. Kifungu cha 50 kinaiagiza mahakama kuukataa ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki ikiwa kuupokea kutaharibu kesi au kudhuru utoaji wa haki.

Kabla ya msako

Mkiishi penye oparesheni, jiandaeni kama wanavyojiandaa wanaoishi karibu na mto unaofurika. Toeni nakala za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na hati za shamba, na mziweke kwa ndugu anayeishi mbali. Kila nyumba iwe na picha ya karibuni ya kila mtu, inayoonyesha uso vizuri. Andikeni kwenye karatasi, si kwenye simu tu, namba za wakili, za msaidizi wa sheria wa eneo lenu, za Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya na za IMLU. Simu huwa ya kwanza kunyang'anywa.

Chagueni waandishi wawili au watatu wa kijiji, na wanawake wawemo. Mlima Elgon wanaume ndio waliochukuliwa au kukimbia, na wanawake ndio waliobaki wakizunguka kuwatafuta. Anayebaki ndiye anayepaswa kujua la kufanya.

Wanapofika

Uhai kwanza. Usikimbie, usiwavute mikono, usiwarushie maneno. Mikono yako ionekane. Ikiwa kuna nafasi ya kusema, sema kwa heshima na kwa sauti ambayo majirani watasikia: "Afande, huyu ni fulani bin fulani. Mnampeleka wapi? Kwa kosa gani?" Hata usipojibiwa, jina limesikika na mashahidi wamepatikana.

Usitoe simu kuwapiga picha wakiwa mbele yako. Tumia macho. Tazama rangi ya sare na kofia, beji ya begani, jina kifuani, namba na rangi ya gari. Sikiliza wanavyoitana na anayetoa amri. Angalia nani mwingine amechukuliwa, amevaa nini, na kama alikuwa tayari na jeraha. Jambo hili la mwisho lina uzito mkubwa: mkiweza kuthibitisha kwamba alitoka nyumbani mzima na akarudi amevunjika, mzigo wa kueleza unahamia kwa waliomshika.

Saa 24 za kwanza

Andika usiku huohuo. Kila shahidi aandike au asimulie peke yake, kabla hamjakaa pamoja kulinganisha, kwa sababu masimulizi yakishachanganyika wakili wa upande wa pili atayavunja kwa urahisi. Andika ulichokiona mwenyewe kando na ulichoambiwa. Usipokumbuka saa kamili, andika ilikuwa kabla au baada ya nini: adhana, kengele ya shule, kukamua ng'ombe. Weka tarehe na sahihi au alama ya kidole.

Kisha nenda kituo cha polisi, msipungue wawili. Ripoti kwamba mtu wenu amechukuliwa na watu waliovaa sare za jeshi, na msiondoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Ofisa akikataa kuandika, chukua jina lake au namba yake ya utumishi, nenda kituo kingine, halafu umlalamikie kwa IPOA, mamlaka inayosimamia mwenendo wa polisi. IPOA haina mamlaka juu ya wanajeshi, lakini polisi anayekataa kuandika ripoti yako yumo mikononi mwake.

Mwarifu chifu na mwakilishi wa wadi, kwa barua, na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri. Maneno ya mdomo hukanwa. Ulizieni katika mahabusu za vituo vya jirani, kwenye mahakama, gerezani, hospitalini na, kwa uchungu wote, mochari. Kila mnapofika andikeni tarehe, mliyezungumza naye na alichojibu, hata kama ni "hatumjui". Majibu hayo ya kukana ndiyo yatakayoonyesha baadaye kwamba alifichwa.

Mkienda langoni mwa kambi, nendeni mchana, kwa kikundi, na mchungaji, imamu au mzee anayeheshimika. Pelekeni dawa zake kama ana ugonjwa wa kudumu. Asiende kijana wa kiume peke yake.

Mlango wa Mahakama Kuu

Saa 24 zikipita bila yeye kufikishwa mbele ya hakimu, msisubiri wiki. Kifungu cha 51 kinaruhusu ombi la kuitaka mahakama iamuru aliyezuiliwa aletwe mbele yake, na Kifungu cha 25 kinasema haki hiyo nayo haipunguzwi. Si lazima mwathiriwa mwenyewe aombe. Ndugu, jirani au shirika linaweza kuomba kwa niaba yake. Kifungu cha 22 kinakataza ada ya kufungua kesi ya haki za msingi, na kanuni za mwaka 2013 zinaruhusu mahakama kupokea hata barua au ombi la mdomo. Wakili ni bora, lakini kukosa wakili kusikufungie mlango. Barua inaweza kuwa hivi:

"Kwa Naibu Msajili, Mahakama Kuu. Mimi ni ..., mkazi wa kijiji cha ..., kitambulisho namba .... Ndugu yangu ..., mwenye umri wa miaka ..., alichukuliwa nyumbani tarehe ... saa ... na watu waliovaa sare za jeshi, wakiwa na gari la rangi ..., namba .... Niliripoti kituo cha polisi cha ..., na namba ya OB ni .... Nimemtafuta ... na ... bila kumpata. Hajafikishwa mahakamani. Mashahidi wapo, na majina yao nitayatoa mahakama itakaponiagiza. Naomba mahakama iamuru aletwe mbele yake, anayemshikilia aeleze sababu, na apelekwe kwa daktari. Hili ni ombi chini ya Vifungu vya 22, 25, 29, 49 na 51 vya Katiba."

Peleka nakala tatu, na yako igongwe mhuri wa tarehe.

Akirudi

Daktari kabla ya shangwe. Mtu aliyepigwa sana kwenye mapaja, mgongo au matako anaweza kuongea na kucheka leo, kisha figo zikakataa kesho, kwa sababu misuli iliyopondwa humwaga sumu kwenye damu. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, ukipungua au ukikatika, mkimbizeni hospitalini, kituo cha afya hakitoshi. Vivyo hivyo akitapika, akisinzia ovyo, akikosa pumzi, au tumbo likiwa gumu.

Akiwa amebakwa au kudhalilishwa sehemu za siri, na wanaume hufanyiwa hivyo pia, afike hospitalini kabla ya saa 72 apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Kama anaweza kuvumilia asioge kwanza. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi.

Mwambie daktari wazi: "Nilipigwa na wanajeshi, kwa kitu hiki, mahali hapa." Daktari akiandika "maumivu ya mwili" peke yake, faili hiyo haitakusaidia. Omba achore majeraha kwenye mchoro wa mwili na aeleze kama yanalingana na maelezo ya mgonjwa. Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza mateso, inataka hivyo. Chukua pia fomu ya P3 polisi, ambayo daktari hujaza. Foleni ya P3 ikiwa ndefu, usicheleweshe matibabu. Rekodi ya hospitali ya siku ya kwanza ina nguvu yake.

Piga picha. Moja ya mwili mzima na uso, nyingine za kila jeraha kwa mbali na kwa karibu, ukiweka rula au sarafu kando ili ukubwa ujulikane. Rudia siku ya pili na ya tatu, kwa maana michubuko mingine hujitokeza baadaye, na baada ya wiki chache huwa imefutika. Usisahau nyayo, vifundo vya mikono na masikio.

Kisha mpe nafasi. Asilazimishwe kusimulia mbele ya ukoo mzima. Atafute mtu mmoja anayemwamini, asimulie kwa mpangilio wake, apumzike akitaka. Kukosa usingizi, kushtuka akisikia gari, hasira kwa watoto, kukwepa kitanda cha ndoa: hayo ni madhara ya mateso, wala si udhaifu wa mwanamume. Mashirika kama IMLU jijini Nairobi na Mwatikho huko Bungoma yamefanya kazi ya kuwahudumia walioteswa, kwa tiba na kwa ushauri nasaha.

Asiporudi

Hapa ndipo familia nyingi huachwa peke yao, na mke ndiye huumia zaidi. Hana cheti cha kifo, hivyo hawezi kurithi. Hana mume, hivyo shamba linaanza kumezewa mate. Fanya yafuatayo.

Endelea kuuliza kwa maandishi kila baada ya miezi michache, ili faili isilale. Wasilisha jina lake kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Kupitia shirika unaloliamini, au ninyi wenyewe, peleka habari kwa Kikosi Kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu watu waliotoweshwa, kilichoundwa mwaka 1980. Hakitozi ada, na mtu aliyechukuliwa ndani ya miezi 3 iliyopita hushughulikiwa kwa dharura.

Kuhusu shamba, mwenye maslahi anaweza kuomba zuio kwenye ofisi ya ardhi ili lisiuzwe kimyakimya. Shughulikia vyeti vya kuzaliwa vya watoto mapema. Baada ya miaka 7 bila habari zake, Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 118A, inaruhusu mtu kuchukuliwa kuwa amekufa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hapo mke anaweza kuomba amri ya mahakama na kuanza taratibu za mirathi. Kuomba amri hiyo hakumaanishi kwamba mmemsamehe aliyemchukua, wala kwamba mmeacha kumtafuta. Wazee wa ukoo waelezwe hivyo waziwazi, ili mama asionekane msaliti.

Linda ushahidi na wanaoushika

Tengenezeni nakala tatu: moja kijijini, moja mjini kwa mtu msiyeshirikiana naye jina la ukoo, moja kwa wakili au shirika. Msiziweke kwenye makundi ya WhatsApp. Picha ya mtu aliyeteswa ikishasambaa, yeye na shahidi wake wote wamewekwa hatarini, na hairudi tena.

Msitoe jina la shahidi bila ridhaa yake, na ridhaa aliyotoa jana anaweza kuiondoa leo. Shahidi akitishwa, wakili au mwendesha mashtaka anaweza kumwombea ulinzi kwa Wakala wa Kulinda Mashahidi. Jihadharini na madalali wanaoahidi fidia kwa "ada ya kujiandikisha", pamoja na wanaodai wanaweza kumtoa mtu kambini kwa pesa. Mkitoa pesa, andikeni mliyempa, lini na kiasi gani.

Msitie chumvi. Wagalla, Wajir, Februari 1984, wanaume walikusanywa kwenye uwanja wa ndege na wengi wakafa. Serikali ilitaja vifo 57, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikakaribia 1,000, na manusura wakataja maelfu. Pasipo orodha ya majina iliyoandikwa mapema, kila mmoja hushika idadi yake. Jina moja lenye tarehe, mahali na shahidi lina nguvu kuliko mia ya makisio.

Na msiandike wa ukoo wenu tu. Mlima Elgon waliouawa na kundi lenye silaha na walioteswa na wanajeshi walikuwa majirani, na katika nyumba nyingine walikuwa ndugu. Orodha inayoficha upande mmoja hupoteza imani ya mahakama, na huacha mbegu ya ugomvi mwingine.

Kalenda ya kukumbuka

Saa 24: afikishwe mahakamani. Nchini Uganda ni saa 48.

Saa 72: matibabu ya aliyebakwa.

Miezi 2: Mahakama ya Afrika Mashariki, tangu kitendo kitendeke au mlalamikaji apate kukijua. Muda huu unawahusu wakazi wa nchi zote za Jumuiya, Tanzania na Kongo zikiwemo.

Miezi 3: ombi la dharura kwa kikosi kazi cha Umoja wa Mataifa.

Miezi 12: kesi ya kawaida ya madhara dhidi ya Serikali ya Kenya.

Miaka 7: aliyetoweka anaweza kuchukuliwa kuwa amekufa.

Kesi ya kudai haki za kikatiba haina ukomo uliowekwa, na baadhi ya walioteswa katika jengo la Nyayo House jijini Nairobi walipewa fidia na mahakama baada ya miongo. Lakini mahakama itauliza kwa nini mlichelewa. Kwa hiyo andikeni pia sababu: vitisho, ugonjwa, kukimbia makazi, kukataliwa kituoni.

Ikiwa muda umekwisha kuwapita, msichome makaratasi. Wazee wa Mau Mau walisikilizwa wakiwa wakongwe na mikongojo yao. Kusanyeni yaliyobaki leo, muwasikilize wajane na manusura wangali hai, na mpeleke nakala kwa Tume ya Haki za Binadamu na kwa mawakili. Haki ya walioteswa ni deni la serikali, na mdai asiye na kumbukumbu humrahisishia mdaiwa kukana.